Bomba likitetemeka tusikimbilie zege: habari za vimia vya chuma

Bomba likianza kutetemeka, jibu la kwanza utakalosikia kwa mafundi wengi huku kwetu ni kuongeza uzito. Mwaga zege pale chini, funga chuma kizito, ning'iniza kipande cha reli, bana na klempu mbili badala ya moja, alafu rudi nyumbani. Na kweli saa nyingine linatulia. Ila mara nyingi linatulia wiki kadhaa kisha linaanza upya, au linatulia pale ulipobana na mtetemo unahamia mbele huko kwenye kiungio ambacho hakijawahi kusumbua tangu kifungwe. Mi naamini kabisa hii tabia ya kudhani uzito ndo dawa inatugharimu sana, na kwa miezi mingi sasa nimekuwa nikisoma na kujaribu kuelewa njia nyingine inayofanyiwa utafiti huko duniani, ya kutumia vimia vyepesi, yaani miundo ya vijiti vyembamba vya chuma au plastiki vilivyoungana na katikati wazi, vilivyopigiwa hesabu ili viule ule mtetemo. Nataka nieleze ninavyoielewa, kwa sababu Mtwara na Lindi ni mikoa ya mabomba na vijana wetu wanatakiwa wayajue haya mapema.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Watu wakisikia Mtwara na bomba akili inaenda moja kwa moja kwenye lile bomba kubwa la gesi. Gesi ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay huku kwetu 1982, na bomba la inchi 36 linalotoka Madimba kwenda Dar lilizinduliwa 2015. Sasa bomba la namna ile sehemu kubwa limefukiwa, udongo umelishika kila upande kilomita na kilomita, kwahiyo kutetemeka sio shida yake kubwa. Shida popote duniani huwa pale bomba linapotoka ardhini: kwenye vituo, kwenye vali, kwenye kona, kwenye pampu na kompresa, na zaidi ya vyote kwenye vile vibomba vidogo vya nusu inchi au robo tatu vinavyochomelewa juu ya bomba kubwa kwa ajili ya geji au vali ya kutolea maji. Vile vidogo ndo vinavyoua. Uingereza walipochambua uvujaji wa gesi na mafuta kwenye mitambo yao ya baharini walikuta zaidi ya asilimia 20 unatokana na mitetemo na uchovu wa chuma, yaani chuma kupasuka kidogokidogo kwa kutikiswa mara nyingi. Na sio gesi tu. Desemba 1995 kule Japani kinu cha nyuklia cha Monju kilivujisha sodiamu ya moto kwa sababu mfuko mwembamba wa kipimajoto uliokuwa umechomoza ndani ya bomba ulitikiswa na mkondo wa ile sodiamu mpaka ukakatika. Kitu cha kuweza kukishika mkononi kimesimamisha kinu kizima.

Hapa kwetu nimeona toleo dogo la jambo hilohilo. Kuna kiwanda kimoja cha kubangua korosho, sitakitaja, niliitwa kuangalia bomba la hewa linalotoka kwenye kompresa. Kibomba cha nusu inchi kilichobeba geji kilikuwa kimekatika palepale mguuni kwenye weldingi. Nilikiokota nikakiangalia vizuri kwenye mwanga, maana sura ya mkatiko inasema kila kitu ukijua kuisoma: robo tatu ya mduara ilikuwa laini, ina kutu ya kahawia, yaani ufa ulikuwa umeanza zamani sana na ukawa unatambaa kidogokidogo, alafu kile kipande cha mwisho kilikuwa cha kukwaruza kinang'aa, hapo ndo chuma kilichobaki kilishindwa kikaachia kwa mara moja. Na pembeni, chini ya klempu ya bomba kubwa, kulikuwa na unga mwekundu. Huo unga ukiuona kwenye klempu yoyote jua vyuma viwili vinasuguana bila kupumzika. Waliokuwepo walishapanga kuchomelea kibomba kinene zaidi na kuweka geji kubwa zaidi. Kijana mmoja wa pale akaniuliza, "Fundi, si tukiweka kizito ndo hakitatikisika?" Swali zuri sana, na jibu lake ni hapana, na sababu ya hiyo hapana ndo mada yote ya leo.

Kila kitu chenye uzito na chenye kunesa kina frikwensi yake ya asili, yaani kasi ambayo kikiguswa kinapenda kucheza nayo. Ugumu ukiongezeka frikwensi inapanda, uzito ukiongezeka inashuka, ila vyote viwili vinapitia kwenye kipeuo cha pili, kwahiyo ukitaka kushusha frikwensi iwe nusu itabidi uzito uwe mara 4, na ukiongeza ugumu mara 2 unapandisha mara 1.4 tu. Sasa kompresa au pampu nayo ina mpigo wake. Umeme wetu ni Hezi 50 (Hezi ni idadi ya mara kwa sekunde), mota ya kawaida ya poli 4 inazunguka 1,450 hadi 1,480 hivi kwa dakika, gawa kwa 60 unapata karibu Hezi 24 na nusu. Kama kibomba chako na geji yake kilikuwa kinapenda kucheza Hezi 32, kilikuwa salama kiasi, sasa wewe umekuja umebandika geji nzito na vali ya shaba juu yake, umekishusha mpaka Hezi 25, yaani umekichukua mwenyewe ukakipeleka kwenye mdomo wa mpigo wa mota. Hapo sio tena suala la nguvu ya mtikisiko, hata mtikisiko mdogo unakua kila raundi. Na chuma hakisahau: kwa Hezi 25 siku moja tu ina mizunguko zaidi ya milioni 2. Milioni mbili kwa siku! Weldingi hupimwa ubora wake wa uchovu kwa mizunguko milioni 2, kwahiyo kasoro ndogo ambayo ingeishi miaka kwenye geti la nyumba, kwenye kompresa inamalizwa ndani ya siku chache.

Dawa za kwanza za mtetemo zipo na ni za bei rahisi, na mtu asije akasoma hapa akadhani nasema tuziruke. Urefu wa bomba kati ya tegemeo na tegemeo una nguvu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu frikwensi inategemea mraba wa huo urefu: weka tegemeo katikati, frikwensi inapanda mara 4. Kibomba cha geji fupisha, na ukifunge brasi kwenye bomba mama lenyewe, usikifunge kwenye ukuta au nguzo ya jirani kwa sababu bomba mama litacheza na nguzo haitacheza na utakuwa umetengeneza mkasi. Angalia pia kama kinachosukuma sio mashine bali ni gesi yenyewe. Tawi lililozibwa mwisho linaweza kulia kama gesi inapita kwa kasi mdomoni mwake, na hesabu yake ni mwendo wa sauti gawa kwa mara nne ya urefu wa tawi. Kwenye methani sauti inakwenda karibu mita 450 kwa sekunde, kwahiyo tawi la mita 2 linalia karibu na Hezi 56. Hapo ukifunga klempu hata kumi unajisumbua, kata tawi liwe fupi basi. Na upepo nao. Bomba la inchi 8 lililo wazi ufukweni, kusi ikivuma mita 10 kwa sekunde, upepo unaachia vimbunga vidogovidogo nyuma ya bomba karibu mara 9 kwa sekunde, na kama bomba lako refu lisilo na tegemeo linapenda Hezi 9 utaliona linapanda na kushuka mchana kutwa msimu wote.

Lakini kuna sehemu huwezi kuweka tegemeo. Bomba linapanuka kwa joto na lazima liachwe lijongee, au liko juu sana, au chini yake kuna mashine, au ni bomba la gesi liko kazini na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeruhusu uchomelee kitu juu yake. Hapo ndo njia ya kumeza mtetemo inapoingia, na wazo lenyewe sio geni. Mjerumani Hermann Frahm aliliombea hataza 1909: badala ya kupambana na kitu kinachotikisika, kifungie kitu kingine kidogo kwenye springi, kilichopimwa kicheze kwa frikwensi ileile, basi kile kidogo kinacheza kwa niaba ya kikubwa na kikubwa kinatulia. Mfano wake tunapita nao kila siku. Ukiwa barabarani angalia nyaya kubwa za umeme wa msongo mkubwa, karibu na nguzo utaona vidude vya chuma viwili viwili vimening'inia kwenye waya mfupi, kila upande kimoja. Wengi wanadhani ni urembo au ni alama za ndege. Ule ni mtambo wa kumeza mtetemo, uligunduliwa na Mmarekani George Stockbridge miaka ya 1920, upepo ukitaka kuuchezesha waya vile vidude vinacheza vyenyewe na nguvu inaishia pale kwenye kale kawaya kafupi. Kilo chache tu, na zinalinda waya wenye uzito wa tani.

Sasa watafiti wa fizikia wakalipeleka hilo wazo mbali zaidi. Mwaka 1995 kule Madrid, Hispania, walipima sanamu ya msanii Eusebio Sempere ambayo ni msitu wa mabomba ya chuma yaliyosimamishwa kwa mpangilio sawasawa, wakakuta sauti ya karibu Hezi 1,670 inashindwa kupita katikati yake. Sanamu! Hakuna aliyeipigia hesabu izuie sauti. Mpangilio wenyewe wa kurudiarudia ndo unaozuia, kwa sababu mawimbi yanayorudishwa na kila safu yanakutana na kuuana. Hilo linaitwa pengo, yaani kuna kundi la frikwensi ambazo haziruhusiwi kupita. Tatizo lake kwa mabomba ni kwamba nafasi kati ya safu na safu inatakiwa ilingane na karibu nusu ya urefu wa wimbi. Nilipiga hesabu kwa bomba la kawaida la inchi 4 likiwa tupu: kwa Hezi 25 wimbi la kujipinda lina urefu wa karibu mita 7, kwahiyo ungehitaji kuweka kitu kila mita 3 na nusu kwa umbali mrefu ndo uone faida. Kiwanda gani cha huku kina bomba la namna hiyo limenyooka?

Mlango ulifunguka mwaka 2000, kundi la watafiti wa Hong Kong walichukua vigololi vya madini ya risasi vya sentimita 1 wakavivisha raba ya silikoni wakavipanga ndani ya gundi ngumu ya epoksi. Kale kabamba kakazuia sauti ya karibu Hezi 400 ingawa unene wake ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na urefu wa wimbi. Kwa sababu hapa kinachofanya kazi ni kila kigololi kwenye raba yake kuwa Frahm mdogo, nafasi kati yao haina umuhimu sana. Ndo maana unaweza kuvipanga karibukaribu kwenye kipande kifupi cha bomba, pete moja, mbili, tano, na bado ukapata pengo kwenye frikwensi za chini ambazo ndo zinazotusumbua sisi watu wa pampu.

Na hapa ndo kimia kinapoingia. Kimia ninachosema ni chuma au plastiki iliyojengwa kwa vijiti vyembamba vinavyokutana kwenye vifundo, katikati ni hewa tupu. Yeyote aliyepanda juu ya nyumba kupiga kenchi anajua nusu ya somo hili tayari. Ukiunga mbao nne mraba na misumari minne, ukisukuma kona inalala. Weka ubao mmoja wa mshazari ziwe pembetatu, imegoma. Mbao zilezile, uzito karibu uleule, tabia tofauti kabisa. Mwanafizikia wa Uskoti James Clerk Maxwell aliiandikia kanuni 1864 kwa fremu, ya kuhesabu vijiti na viungio ujue kama fremu itasimama au italala, na kanuni hiyohiyo ndo inayotenganisha vimia vya aina mbili: vile ambavyo vijiti vyake vinavutwa na kubanwa tu, hivyo ni vigumu, na vile ambavyo vijiti vyake vinapinda, hivyo ni laini na vinanesa. Tofauti yake sio ya mchezo. Ukibakisha asilimia 10 tu ya chuma, ugumu wa kile cha kuvutana unashuka takriban kwa uwiano wa uzito, ila wa kile cha kupinda unashuka kwa mraba wake, yaani unaelekea kwenye asilimia 1. Kwahiyo kwa chuma kilekile, bila raba, bila springi ya dukani, unaweza kuamua sehemu hii iwe mfupa na sehemu hii iwe springi kwa kubadilisha tu mpangilio wa vijiti.

Hilo ndo linanifurahisha kupita yote. Fikiria pete ya vipande viwili inayofungwa kwa bolti kuzunguka bomba, hakuna weldingi. Ndani inayokumbatia bomba ni kimia kigumu cha pembetatu. Kutoka hapo vinachomoza vimikono vya kimia laini, na mwisho wa kila kimkono kuna kipande cha chuma kizima. Watu wakisikia vyepesi wanadhani hakuna uzito kabisa, hapana, cha kumeza mtetemo lazima kiwe na uzito, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa ile sehemu ya bomba inayocheza. Ila uzito wote uko kwenye ncha, pale unapofanya kazi. Klempu ya kawaida na springi zake na fremu yake vinabeba kilo nyingi zisizofanya kitu chochote zaidi ya kulilemea bomba na kuishusha frikwensi yake. Ukiwa na kimia, mifupa inakuwa myepesi na kilo unazoziongeza kwenye bomba karibu zote zinakula mtetemo.

Alafu kuna faida ya pili kubwa zaidi kwa maoni yangu. Kidude kimoja cha Frahm kinafanya kazi kwenye frikwensi moja nyembamba, na pembeni yake kinazalisha vilele viwili vipya, kimoja chini kimoja juu. Mota yako ikiwa na invata ya kubadilisha spidi, ukishusha spidi kidogo unatua kwenye kilele cha chini na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Ila kwenye pete moja ya kimia unaweza kuwa na vimikono ishirini na kila kimoja ukakipima tofauti kidogo, huyu Hezi 22, huyu 23, huyu 24, mpaka 28, pengo linapanuka ingawa linapoteza kina kidogo. Kutengeneza springi ishirini tofauti kwa mkono ni kazi ya kichaa. Kwa printa ya 3D ni kubadilisha unene wa kijiti kwenye faili.

Ugumu wa kweli uko kwenye frikwensi za chini, na nataka mtu aelewe kwa namba kwa sababu hapa ndo picha nzuri za mitandaoni zinapodanganya. Ili kitu kicheze Hezi 25 springi yake inatakiwa inepe milimita 0.4 kwa uzito wa kitu ilichokibeba. Hiyo ni sawa, kimia cha chuma kinaweza. Hezi 12, ambayo ni kompresa ya pistoni inayozunguka 720 kwa dakika, inepe karibu milimita 1.7. Bado inawezekana, vijiti viwe vyembamba au kimkono kikunjwekunjwe. Hezi 5 inataka kunepa sentimita 1 nzima, na hapo chuma chembamba cha kunepa sentimita moja na kucheza milioni na milioni bila kukatika sio jambo la kuahidi mtu. Kuna wajanja wanatumia vimikono vya kuzidisha mwendo, kitu kidogo kinasukumwa mbali zaidi ya bomba lenyewe linavyosogea ili kijifanye kizito kuliko kilivyo, na hiyo naona ndo njia yenye matumaini kwa frikwensi za chini, ila ina viungio vingi na kila kiungio ni mahali pa ufa kuanzia.

Sasa mazingira yetu. Vimia vizuri vya chuma vinatengenezwa kwa leza inayoyeyusha unga wa chuma tabaka kwa tabaka, kila tabaka kama milimita 0.03 hadi 0.05, kwa kawaida ni chuma cha pua cha 316L au titaniamu. Uso wake ukitoka kwenye mashine ni wa mikwaruzo na chembechembe, na uchovu wa chuma unapenda mikwaruzo, kwahiyo kitu kilichowekwa kiokoe bomba lisichoke kinaweza kuchoka chenyewe kabla ya bomba. Ongeza chumvi ya bahari. Hata hiyo 316 ukiiacha Shangani au Msimbati huku Mtwara inapigwa na upepo wa chumvi, chumvi ikajikusanya kwenye vifundo vya kimia ambako huwezi kupitisha hata brashi, utapata vitundu vidogo vya kutu, na kila kitundu ni mwanzo wa ufa. Mtu akija kuniuzia pete ya kimia kilicho wazi akaniambia ni ya ufukweni nitamuuliza kifuniko chake kiko wapi. Iwekwe ndani ya ganda la raba lililofungwa vizuri, na kuwe na kamba au neti ya chuma ya usalama ili kimkono kikikatika kisimwangukie mtu.

Plastiki je? Printa ndogo za mezani zinazochapa ile plastiki laini ya TPU zinapatikana nchini na bei yake sio ya kutisha kikundi cha mafundi. TPU ina sifa moja chuma hakina, inakula nguvu yenyewe kwa ndani na kuigeuza joto, kwahiyo vile vilele viwili vya pembeni vinakuwa vifupi. Ila ugumu wake unabadilika na joto, asubuhi umeipima Hezi 24 saa nane mchana juani imekuwa laini imeshuka. Na bomba linalotoka kwenye kompresa ya hewa linapita nyuzi 100 kirahisi, hapo TPU haina kazi. Kwenye bomba la maji ya baridi chini ya kivuli, hapo ni sawa kabisa, na kwa maoni yangu hapo ndo pa kuanzia kwa sisi wa huku. Pampu za visima, pampu za kusukuma maji kwenye matangi, mitambo ya barafu ya samaki. Shinikizo ni dogo, likiharibika unalowa tu. Kwenye gesi hapana, kule kuna viwango, kuna wakaguzi, na hakuna kijana anayetakiwa kwenda kujaribu pete yake kwenye bomba la gesi hata kama hesabu zake ni safi.

Wale mnaosoma ufundi mitambo VETA au mlioko kwenye karakana, kifaa cha kuanzia mnacho mfukoni. Simu ina akselerometa, yaani kipima mtikisiko, ndani na kuna programu za bure zinazochora frikwensi. Ifunge kwa nguvu kwenye bomba, usiishike kwa mkono kwa sababu mkono unameza mtetemo, na weka kitambaa chembamba kama bomba lina joto, likiwa la moto sana achana nalo. Angalia simu yako inasoma mara ngapi kwa sekunde: kama ni 100, haiwezi kukuonyesha kwa uhakika chochote kilicho juu ya Hezi 50, na kitu cha Hezi 70 kinaweza kujitokeza kwenye mchoro kwa uongo kikionekana Hezi 30. Kwa mpigo wa mota ya poli 4 inatosha. Kwa pampu ya poli 2 yenye mapanga matano, mpigo wa mapanga unafika karibu Hezi 240 na simu haitakuambia kitu, utahitaji kifaa chenyewe.

Pima mara mbili. Mara ya kwanza mashine ikiwa inafanya kazi, ujue inapiga ngapi. Mara ya pili mashine imezimwa, gonga bomba kwa nyundo ya raba, ujue bomba lenyewe linapenda ngapi. Namba mbili zikiwa mbali zaidi ya asilimia 20 hivi, shida yako sio hii niliyoieleza, kaangalie mpangilio wa mota na pampu kwanza, kaangalie kapilingi, kaangalie boliti za msingi. Zikiwa karibu, jaribu tegemeo. Tegemeo likishindikana ndo uanze kuchora kimia, na upigie hesabu spidi uliyoipima mota ikiwa na mzigo kamili, usitumie ile iliyoandikwa kwenye kibati, maana umeme wetu ukishuka volteji jioni mota inarudi nyuma mizunguko kadhaa na pete uliyoipima kwa namba ya kibati itakuwa imelenga pembeni. Atakayefanya kwenye pampu ya maji aniandikie hapa chini michoro yote miwili, ya mashine na ya nyundo, nitakaa naye tuipigie hesabu pamoja.